Nafasi tatu za uhadhiri, cheki namba moja: uombe wapi ukiwa Mtwara au Lindi

Mpwa wangu alinikuta nje ya duka la stesheneri karibu na stendi ya Mtwara, wiki ile malipo ya korosho yalipoanza kuingia na kila anayepita alikuwa anachungulia simu yake. Mama yake, dada yangu, alikuwa amemrushia hela kutoka Newala na maagizo juu: "Hizi za kuombea kazi ya chuo. Usije ukanunua vitenge." Ndani ya duka, kwenye kompyuta ya pili kutoka mlangoni, ile ambayo herufi A imefutika, alikuwa ameacha wazi matangazo matatu. Moja la chuo kikuu kikubwa cha serikali kilichotaka Wahadhiri Wasaidizi wa idara kadhaa. La pili la taasisi ya serikali inayofundisha mambo ya biashara na uhasibu, yenye kampasi mikoani. La tatu la chuo kikuu cha binafsi, nje ya Kusini, maombi kwa barua pepe.

"Mjomba, nianze na ipi?"

"Zote," nikamjibu, nikarudi kwenye chai yangu.

Jibu la mvivu hilo. Kuomba zote ni sawa, hakuna anayemzuia. Tatizo liko mbele, siku simu itakapoita. Kati ya nafasi hizo tatu, mbili ukiingia moja, nyingine inajifunga, na jambo hilo halijaandikwa kwa herufi kubwa popote. Mimi nimefundisha kwa malipo ya saa, nimefundisha chuo cha binafsi, na sasa ni mtumishi wa umma mkoa mwingine. Huku nyumbani nilikuja likizo. Chai ilipopoa nikaingia ndani, nikavuta kiti, tukaanza upya.

Pima cheti kabla ya kupima chuo

Vijana wengi wanaanza na jina la chuo. Anza na GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo, maana ndiyo itakayokutoa au kukubakisha kabla mtu yeyote hajasoma jina lako.

Mwenye shahada ya kwanza anaingilia ngazi ya Mkufunzi Msaidizi, na vyuo vikuu vya umma kwa kawaida vinataka GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5. Mwenye uzamili anaingia akiwa Mhadhiri Msaidizi, na hapo vinatazamwa vyeti viwili kwa pamoja: uzamili usiopungua 4.0, na shahada ya kwanza ambayo matangazo mengine yanaitaka iwe 3.5 na mengine 3.8. Mhadhiri asiye msaidizi ni yule mwenye uzamivu. Juu yake kuna Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, kisha Profesa, na huko wanahesabu machapisho.

Mpwa wangu ni mtu wa takwimu. Uzamili ana 4.3, hana wasiwasi. Shahada ya kwanza ana 3.7. Mwaka uliopita alijaza tangazo lililotaka 3.8 akidhani uzamili wake mzuri utamfunika, haukumfunika. Safari hii matangazo yote mawili ya serikali yalikuwa yameandika 3.5, kwa hiyo alikuwa ndani. Hiyo 0.1 ilikuwa somo moja la mwaka wa pili, alilofanya akiwa anaumwa malaria.

Kuna kikwazo kingine kinachowaumiza wengi kuliko GPA: shahada mbili zisizosalimiana. Mtu ana ualimu wa historia shahada ya kwanza, kisha akasoma uzamili wa usimamizi wa biashara kwa sababu ulifundishwa jioni na ulikuwa karibu. Kwenye ofisi unamfaa. Kwenye uhadhiri, idara ya historia inamwona amewakimbia na idara ya biashara inamwona mgeni. Vyuo vya binafsi vina huruma kidogo hapa, hasa wakiwa na upungufu wa walimu. Vyuo vikubwa havina. Kama bado hujaanza uzamili, hili ndilo la kuamua leo.

Waliosoma nje ya nchi wapeleke shahada zao Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) mapema zikahakikiwe. Usingoje tangazo litoke ndipo uanze.

Mlango wa mfumo na mlango wa barua pepe

Hapa ndipo mpwa wangu alinishangaa. Yeye alidhani ana milango mitatu. Ana miwili. Chuo kikuu kikubwa na ile taasisi, vyote ni vya umma, na ajira zao zinapitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwenye Ajira Portal. Akaunti ni moja, wasifu ni mmoja, vyeti ni vilevile. Ukikosea kwenye akaunti, umekosea kote.

Nilimwambia afungue akaunti yake nione. Barua ya maombi: ipo, imechapwa vizuri, imeelekezwa kwa Katibu. Chini imeandikwa "Wako mtiifu" na jina lake. Sahihi hakuna.

"Umesahau kusaini."

"Si nimeandika jina, Mjomba?"

Jina si sahihi. Tangazo linataka barua iliyosainiwa, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, yoyote ile. Maana yake uichape, uitoe kwenye karatasi, uisaini kwa kalamu, uiskani, ndipo uipandishe. Mimi mwenyewe niliwahi kutupwa nje kwa kosa hilihili, nikajua wiki kadhaa baadaye nilipoingia kwenye mfumo na kukuta maombi yamekataliwa, sababu mstari mmoja: barua haina sahihi. Miaka mitano ya chuo na sahihi ikanishinda.

Tukaenda kwenye vyeti. Kijana wa duka alikuwa amekiskani cheti cha kidato cha nne kikiwa kimelala ubavu, na muhuri wa wakili umekatwa nusu ukingoni. Tukarudia. Vyeti vinatakiwa vithibitishwe na wakili, na anachotakiwa kuona anayekagua ni muhuri mzima na tarehe yake. Cheti cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita, shahada zote mbili na transkripti zake. Zile karatasi za matokeo za muda, ambazo watu hutembea nazo wakisubiri cheti halisi, hazipokelewi. Namba ya NIDA lazima iwepo. Wadhamini watatu wawekwe kwenye wasifu na simu zinazopatikana, na tafadhali mwambie mdhamini kwamba umemwandika.

Kisha majina. Kwetu Kusini hili ni gonjwa. Shuleni mtoto aliandikwa jina la babu, NIDA akaandikwa la baba, chuoni akaongeza la ukoo. Mfumo hauna habari kwamba Wamakonde na Wamwera tuna majina ya jandoni na unyago. Kama majina hayafanani, yatengeneze kisheria sasa, kabla ya tangazo, maana tangazo hukaa wazi majuma mawili hivi na shughuli ya majina haina mwendo huo.

Umri nao: tangazo la kawaida linasema usizidi miaka 45.

Sasa weka mlango wa binafsi pembeni. Kule hakuna akaunti. Kuna barua pepe inayokwenda kwa uongozi wa chuo au ofisi ya rasilimaliwatu, na kuna binadamu anayeifungua. Kwenye mfumo wa serikali barua yako ni sharti la kutimiza. Kwenye chuo cha binafsi barua ndiyo sura yako. Andika kozi unazoweza kufundisha kwa majina yake. Mpwa wangu alikuwa ameandika kwamba ana ari ya kazi na anaweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Tukafuta. Tukaandika kwamba anaweza kufundisha nadharia ya uwezekano, uchambuzi wa takwimu kwa kompyuta, na mbinu za utafiti kwa wanafunzi wa fani nyingine. Mkuu wa idara mwenye pengo kwenye ratiba ya muhula ujao anatafuta sentensi hiyo moja tu.

Kusubiri, na safari

Chuo cha binafsi kinaweza kukuita ndani ya wiki. Mahojiano unaweza kufanyiwa kwa simu ya video, saa nyingine unaambiwa ufundishe somo fupi mbele ya watu watatu. Ukipita, mkataba huo hapo, miaka miwili au mitatu.

Serikalini ni mwendo mwingine. Majina ya walioitwa kwenye usaili hutoka kwenye tovuti. Kuna mchujo wa kuandika kwanza, ukipita unaingia mahojiano ya ana kwa ana, na kwa nafasi za kufundisha jiandae pia kusimama ubaoni. Kisha tangazo la kuitwa kazini. Kati ya hatua moja na nyingine unaweza kulima shamba, ukapalilia na ukavuna. Ila ukifaulu usaili na nafasi zikawa zimejaa, jina lako linaingia kwenye kanzidata, na kuna watu wameitwa kazini kutoka huko wakiwa wameshakata tamaa. Namba ya simu uliyoiandika kwenye akaunti usiitupe.

Siku hizi baadhi ya michujo inafanyika mikoani, afueni kubwa kwa mtu wa Mtwara. Mahojiano ya ana kwa ana bado mara nyingi ni Dodoma. Na hapo jiografia yetu inaingia. Kutoka Mtwara hadi Dar ni kilomita zaidi ya 550, ukivuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, halafu bado hujafika Dodoma. Mei 2024, mvua na Kimbunga Hidaya vilipokata barabara maeneo ya Somanga, mabasi yalikwama pande zote mbili, na aliyekuwa na usaili wiki ile alijua kwa nini wazee wanasema Kusini ni kisiwa. Njia ya pili ni kuzunguka Masasi, Tunduru, Songea, upande Njombe na Iringa hadi Dodoma. Lami ipo, ila ni siku mbili za kukunja magoti. Nilimwambia mpwa wangu: hela ya korosho ya mama yako igawe mafungu mawili. Fungu la kuskani na wakili ni dogo. Fungu la Dodoma liweke mahali usipolifikia.

Aliuliza kama ni kweli ukiwa huna mtu hupati. Nikamjibu ninachokijua: niliingia bila kushikwa mkono na mtu. Wengine wana maelezo yao.

Cheki namba ndiyo ndoa

Haya ndiyo niliyokuwa nataka asikie, na ndiyo sababu sikuridhika na jibu langu la "zote".

Ukiajiriwa serikalini kwa ajira ya kudumu unapata cheki namba, yaani namba yako kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Watu wa mtaani wakisema "fulani ana cheki namba" wanamaanisha ameshatua. Lakini matangazo mengi ya Sekretarieti yana mstari karibu na mwisho, unaosema waombaji walio katika ajira za kudumu serikalini hawaruhusiwi kuomba, ukirejea waraka wa tarehe 30 Novemba 2010. Watu hawausomi.

Tafsiri yake kwa mpwa wangu: taasisi ikimwita Machi akaripoti, na chuo kikuu kikubwa kikatangaza tena Juni, yeye hayumo. Hawezi kurudi kwenye mfumo kujifanya mgeni. Njia iliyobaki ni uhamisho: chuo kikubali kumpokea, mwajiri wake akubali kumwachia, kibali kitoke Utumishi. Wapo waliofanikiwa. Wapo ambao barua zao zimekaa kwenye trei ya mtu mpaka karatasi ikageuka rangi ya maji ya ukwaju.

Upande wa binafsi hauna kufuli hili. Ukiwa kwenye mkataba wa chuo cha binafsi unaomba serikalini wakati wowote, unatoa notisi, unaondoka. Kazi ya binafsi ni kupanga chumba. Ya serikali umejenga, na nyumba haibebwi. Kwa hiyo ulinganisho wenye uzito hauko kati ya binafsi na serikali. Hizo mbili zinafuatana vizuri tu: leo hii, kesho ile. Uko kati ya mlango mmoja wa serikali na mwingine wa serikali.

Walioumia zaidi na mstari huu ni walimu wa sekondari za serikali. Ninamfahamu mmoja, yuko wilaya ya ndani mkoani Lindi, kajisomesha uzamili wa fizikia kwa hela yake, ufaulu wa juu. Kila tangazo likitoka marafiki wanamtumia. Analisoma, anafika kwenye mstari ule, anafunga simu. Kama una uzamili mzuri, bado hujaajiriwa, na unafikiria kuchukua ualimu wa sekondari serikalini "huku nikisubiri chuo", jua kwamba hapo husubiri tena. Umechagua.

Nani atakupeleka uzamivu

Mhadhiri Msaidizi bila uzamivu ni mtu aliyesimama kwenye ngazi ya pili. Hapandi. Mimi niliipata cheki namba nikiwa na miaka 41, na nimebaki Mhadhiri Msaidizi mpaka leo, kwa uzembe wangu mwenyewe wa kutofukuzia ufadhili nilipokuwa bado na nguvu ya kukesha. Kwa hiyo swali ninaloliweka mbele ya mshahara na mbele ya jina la chuo ni hili: baada ya kuthibitishwa kazini, nani atakuruhusu ukasome huku mshahara unaingia?

Chuo kikuu kikubwa kinashinda hapa, na kinashinda kwa mbali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1961 kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London na kikawa chuo kikuu kamili 1970. Mtandao wake wa nje ni wa miaka zaidi ya sitini. Chuo Kikuu cha Dodoma ni kipya, cha 2007, lakini kimekua haraka na ni kikubwa kwa kipimo chochote. Kwenye vyuo kama hivi idara yenyewe ina maprofesa wanaoweza kukusimamia, ina miradi, na ufadhili unapokuja unapita mezani kwa mkuu wa idara kabla ya kufika kwenye tangazo. Mradi wa HEET, ule wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, ulioidhinishwa 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ulikuwa na fungu la kusomesha wahadhiri pamoja na kujenga majengo. Fedha za mradi zina mwisho wake, usizihesabu kama mahari iliyokwishalipwa, ila zinaonyesha mvua inaponyesha inaanzia wapi.

Kasoro ya chuo kikubwa ni foleni. Mna Wahadhiri Wasaidizi wengi kwenye idara moja, wote wanataka kwenda, na mtu hawezi kuondoka kabla aliyetangulia hajarudi. Madarasa nayo ni ya mamia ya wanafunzi. Ukisahihisha mtihani wa katikati ya muhula unaona karatasi hadi ndotoni.

Taasisi ya serikali ina foleni fupi zaidi, lakini haina uzamivu ndani yake kwa fani nyingi, kwa hiyo lazima utafute chuo, utafute msimamizi, utafute fedha, kisha uombe ruhusa. Ruhusa ni haki ya mtumishi kuomba. Kutafuta ni juu yako. Mtu mwenye mbio anafika. Mtu kama mimi anabaki akisifia chakula cha kantini.

Chuo cha binafsi kinatofautiana mno na kingine hata siwezi kuviweka kundi moja. Vyuo vikongwe vya madhehebu vinasomesha watu wao, na vinakufunga kwa mkataba wa kurudi kufanya kazi miaka kadhaa, jambo la haki. Vingine vitakwambia kwenye mahojiano kwamba "chuo kinathamini maendeleo ya watumishi", basi. Muulize anayekuhoji: mhadhiri wa mwisho kwenda masomoni kutoka idara hii alikwenda lini, na alilipwa? Ukimya wake ndio jibu.

Hela, kwa ufupi

Mpwa wangu alitaka nianze na hili. Mishahara ya serikali iko kwenye madaraja, PUTS kwa vyuo vikuu vya umma na PHTS kwa taasisi, na daraja limeandikwa kwenye tangazo. Inaingia kila mwezi, hakuna hadithi. Binafsi unajadiliana, na wapo wanaolipa vizuri kuliko serikali.

Wapo pia wasiolipa. Nilifundisha chuo kimoja cha binafsi, mbali na huku, ambacho kilianza kuchelewesha mshahara wiki mbili, ikawa mwezi, ikawa mitatu. Tulikuwa tunasahihisha mitihani kwa mkopo wa duka la Mangi. Kosa langu lilikuwa aibu. Nilijua sheria ya ajira ya 2004 ipo na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, nikaona haya kumshtaki mwajiri. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufikishwe Tume ndani ya siku 30, mingine kama ya mshahara ndani ya siku 60. Siku zilinipita nikiwa nasubiri ahadi.

Uzeeni: mtumishi wa umma anachangia mfuko wa pensheni wa PSSSF asilimia 5 na mwajiri anaweka 15. NSSF, mfuko wa sekta binafsi, kwa kawaida ni 10 kwa 10. Bodi ya Mikopo haibagui, itakata asilimia 15 ya mshahara wako popote ulipo. Kabla ya kusaini mkataba wa binafsi, tafuta mfanyakazi wa pale muulize kama michango ya NSSF inaonekana kweli kwenye akaunti yake. Wanakata wote; wanaopeleka si wote.

Na kubaki nyumbani je?

Dada yangu alikuwa na ajenda yake: binti asiende mbali. Kwa hiyo hebu tuone Mtwara na Lindi zenyewe zina nini.

Taasisi ya Uhasibu Tanzania ina kampasi Mtwara, na kwa mtu wa takwimu, uhasibu au ugavi ni mahali pa kutazama. Lakini ukiajiriwa na taasisi umeajiriwa na taasisi nzima. Kituo chaweza kuwa Mtwara, chaweza kuwa Singida au Kigoma. Stella Maris, chuo kikuu kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT), kipo Mtwara tangu 2009, na ni jina la kwanza kwa watu wa ualimu. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa 1992, ni cha umma na kina vituo vya mikoa, Mtwara na Lindi vikiwemo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimepata kampasi Lindi kupitia HEET, yenye mwelekeo wa kilimo. Mtu wa kilimo cha korosho, udongo au chakula asikilize upande huo, na asiisahau TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, ambako kazi ni utafiti na si uhadhiri, lakini machapisho yanapatikana huko.

Takwimu si kilimo, kwa hiyo kampasi ya Lindi haikuwa jibu kwa mpwa wangu, ingawa mama yake aliishika kwa mikono miwili. "Lindi hapo tu," alisema kwenye simu, "kilomita mia na ushee, Jumamosi anakuja kula ming'oko." Nikamweleza kwamba hata wenye fani hiyo hawachagui kituo kwa kupenda ming'oko. Akakata simu. Akapiga tena.

Kufundisha kwa malipo ya saa sikukupa kichwa chake cha habari kwa sababu si ajira. Malipo huja muhula ukiisha na alama zikishawasilishwa, pensheni hakuna. Lakini kwa aliye Mtwara akisubiri Dodoma, saa sita kwa wiki darasani zinampa barua ya uzoefu na mdhamini mpya, na zinamfundisha kusimama mbele ya watu wazima bila kushika meza. Miezi minane ya hivyo ilinisaidia kwenye usaili kuliko kitabu chochote.

Alivyoamua

Ana miaka 29, hana mtoto, na uzamivu anautaka kweli, si wa kusema. Kwa mtu wa namna hiyo mimi ningekiweka chuo kikuu kikubwa mbele na kuichukua nafasi ya binafsi kama chumba cha kupanga wakati wa kusubiri, mradi NSSF yao iwe inasomeka. Taasisi ningeiomba, na ikiniita kwanza ningelala nayo usiku mmoja kabla ya kuripoti. Angekuwa na miaka 40 na watoto wawili wanaosoma Mtwara, ningemwambia kinyume: taasisi ikiita, panda basi.

Yeye aliona tofauti kidogo. Alijaza chuo kikubwa, akatuma ile barua pepe ya binafsi, na taasisi akaiacha kabisa. Nikamwambia si lazima kuiacha, kuomba si kukubali. "Wakiniita nitakwenda, Mjomba," alisema. "Najijua. Na Mama atanipeleka mwenyewe mpaka getini."

Kijana wa duka akampa barua iliyotoka kwenye printa bado ina joto. Akaomba kalamu. Kalamu ya kwanza haikuandika, ya pili ilikuwa nyekundu, ya tatu nikatoa yangu mfukoni. Akasaini polepole, akaipuliza wino ukauke, akaiweka kwenye skana, safari hii ikiwa imesimama wima.